Majaribio ya shayiri: kipande cha sifuri kibaki sifuri

Masika iliyopita niliingia kwenye shamba la mzee mmoja huku Karatu, wiki ya sita tangu apande. Alikuwa na aina nne za shayiri, kila aina vipande vitatu: kisichopewa mbolea ya urea kabisa (ndicho cha sifuri), cha nusu mfuko kwa ekari, na cha mfuko mzima. Kati ya vipande 12, cha sifuri kilicho kando ya barabara kilikuwa kijani sawa na vilivyopewa urea. Nikamwuliza, "Mzee wangu, hiki cha kando ya barabara umekipa nini?" Akacheka. "Bwana shamba, kilikuwa kinanitia aibu. Watu wanapita hapa kwenda mnadani, watasema nimeishiwa. Nikakitupia viganja viwili tu."

Viganja viwili tu, na jaribio la msimu mzima likaishia hapo.

Si yeye peke yake, ndiyo maana naandika. Kipande cha sifuri ndicho kinachokuonyesha urea imekuongezea magunia mangapi na aina ipi inajitahidi kwenye udongo uliochoka. Ukikionea huruma, mwakani utabeba mfuko mzima kwa kila ekari, kumbe nusu ingetosha. Kwa shayiri ya kimea, ile ya kutengenezea bia, hasara inakuwa mara mbili, kwa sababu naitrojeni ikizidi mimea hulala na protini ya punje hupanda. Viwanda vya kimea kwa kawaida havitaki protini ivuke asilimia 12 hivi, kwa hiyo mzigo unaweza kurudi nao nyumbani.

Huruma si njia pekee ya kuiharibu sifuri. Wengi hupandia mbolea ya DAP vipande vyote, kisha huviita vile visivyopata urea "sifuri". Hebu tupige hesabu. DAP ina naitrojeni asilimia 18. Kilo 40 kwa ekari zinaleta naitrojeni kilo 7.2, wakati nusu mfuko wa urea wa kilo 25 unaleta kilo 11.5. Sifuri yako tayari imekula naitrojeni zaidi ya nusu ya ile ambayo urea inampa jirani yake! Pandia TSP, ambayo ina fosforasi bila naitrojeni, na kiwango kiwe kimoja kwa vipande vyote 12.

Na usilete jaribio mahali palipokuwa na zizi. Udongo wa zizi hausahau samadi upesi. Shamba likiwa na mteremko, panga vipande kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, kimoja pembeni ya kingine, kisiwepo kinachopokea maji ya mwenzake. Acha njia ya mita 1 kati yao.

Sasa vipimo, na hapa sitanii. Kila kipande kiwe mita 5 kwa mita 4, mistari 20 yenye urefu wa mita 5, sentimita 20 kati ya mstari na mstari. Ekari moja ina vipande vya namna hiyo 200 hivi, kwa hiyo ukikosea gramu 50 kwenye kipande, umekosea kilo 10 kwa ekari. Kizibo cha soda, ambacho wengi hupimia mbolea, kiache kwenye soda. Azima mizani ya jikoni ya gramu, hata kama ni moja kwa kikundi kizima.

Mbegu ni gramu 200 kwa kipande, yaani gramu 10 kwa mstari. TSP pia gramu 200. Urea ya wakati wa kupanda ni gramu 45 kwa kipande cha nusu mfuko na gramu 90 kwa cha mfuko mzima. Isiguse mbegu, huiunguza. Iwe pembeni kidogo na ifukiwe. Gramu 45 kwa mistari 20 ni kidogo mno kugawa kwa mkono, kwa hiyo ichanganye na mchanga mkavu hadi mchanganyiko ufike kilo 2, kisha pima gramu 100 kwa kila mstari. Fungasha kila dozi nyumbani siku moja kabla, kila mfuko na namba ya kipande chake. Anayepimia shambani huku upepo unavuma na watoto wanamsemesha, namjua atakavyomaliza.

Urea ya kukuzia ni gramu 80 na gramu 160. Weka wiki ya nne au ya tano, mmea ukianza kutoa machipukizi, udongo ukiwa na unyevu, na ifukie. Ikilala juu juani sehemu yake hupotea hewani. Mvua ikichelewa, subiri, na vipande vyote vinavyopata urea vipewe siku hiyohiyo. Cha sifuri usikiguse, hata kikiwa na manjano. Ukiona aibu, chomeka kibao: "Hapa hakuna urea, kwa makusudi."

Manjano yakianzia majani ya chini na mmea ukawa mfupi, jaribio linakwenda vizuri.

Wakati wa kuvuna, acha mstari mmoja kila upande na nusu mita kila mwisho, maana mimea ya pembeni hujiibia chakula cha njiani. Zitabaki mita za mraba 14.4. Pura kila kipande peke yake, kausha, pepeta, pima, kisha zidisha kilo zako kwa 280 upate za ekari. Karatasi ya namba iwe mbili, moja ndani ya mfuko na moja nje, na iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufutika mfuko ukilowa.