Ukiumia goti Marekani, uliza kwanza mashine ya MRI ni ya nani

Nyumbani tunalalamikia dirisha la malipo. Unafika hospitali mguu umevimba, unaambiwa ukalipie eksirei kwanza, urudi na risiti, ndipo upigwe picha. Inaudhi, lakini ina faida moja ambayo hatukuithamini tulipokuwa kule: bei unaijua kabla hujapanda kitandani. Hapa Texas unapokelewa kwa tabasamu, unapimwa, unarudi kwako, na wiki kadhaa baadaye bahasha inaingia kwenye sanduku la barua. Nawaandikia wanaocheza mpira wa Jumapili, wanaokimbia mbio za mitaani, na ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye nyumba za wazee, wanaonyanyua wagonjwa mpaka bega linateguka. Goti langu lilichanika kano ya mbele, ile wapenzi wa soka wanayoiita ACL. Goti limepona. Bili ndiyo iliyoniuma muda mrefu zaidi.

Mtego wenyewe ni huu. Daktari bingwa wa mifupa alikuwa ndani ya mtandao wa bima yangu, yaani orodha ya madaktari na vituo vyenye mkataba nayo, na kampuni ya bima ilithibitisha hilo kwa simu. Kliniki yake iko kwenye jengo la kawaida kando ya barabara, jirani na duka la vyakula. Hakuna wodi, hakuna gari la wagonjwa, hakuna mtu wa kukufanya udhani umeingia hospitali. Alilivuta goti mbele kupima ulegevu, akaandika MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku, akasema ipo hapo hapo ghorofa ya chini. Kumbe jengo lote, kuanzia chumba cha daktari hadi mashine, limesajiliwa kama idara ya hospitali kubwa iliyoko kwingine kabisa. Kwa hiyo zikaja bili mbili: moja ya daktari, nyingine ya hospitali kwa sababu nilikaa kwenye chumba chao. Hiyo ya pili kwenye karatasi huandikwa "facility fee". MRI nayo ikatozwa kwa bei ya hospitali, mara kadhaa ya bei ya kituo cha picha kinachojitegemea katika mji huo huo, kwa goti hilo hilo na picha zile zile.

Msifikiri bima iligoma kulipa. Haikugoma. Ilijibu kwamba mwaka huo nilikuwa sijafikisha kiasi ninachotakiwa kulipa mwenyewe kabla yao hawajaanza kuchangia, kile wanachokiita "deductible". Kwa hiyo tofauti yote ya bei ikaniangukia mimi. Na ile sheria ya kuzuia bili za kushtukiza, No Surprises Act, iliyoanza kutumika Januari 1, 2022, haikunisaidia, kwa sababu inamlinda anayehudumiwa na mtu wa nje ya mtandao bila kuchagua. Kwangu kila mmoja alikuwa ndani ya mtandao. Hapo ndipo watu wetu wengi wanaponaswa: wanauliza kama daktari anapokea bima yao, wanajibiwa ndiyo, wanalala usingizi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya miadi piga simu kliniki na uulize: je, mahali hapa panatoza kama idara ya hospitali? Uliza hivyo hivyo. Ukiuliza kama wanapokea bima yako utajibiwa ndiyo, na jibu litakuwa la kweli, na halitakusaidia kitu. Daktari akikuandikia MRI, usishuke ghorofa ya chini. Narudia, usishuke, hata kama nafasi ipo saa hiyo hiyo na mhudumu amekwisha kukushika mkono. Goti lililochanika kano, ambalo mguu wake una joto na hisia, linaweza kusubiri siku chache. Omba karatasi ya daktari, omba namba ya kipimo. MRI ya kiungo cha mguu bila dawa ya kung'arisha picha ni 73721. Piga simu kwa bima, wape namba hiyo, waulize ni kituo gani kisicho cha hospitali kilicho kwenye mtandao wako na utalipa kiasi gani. Kisha piga simu kwenye kituo chenyewe uulize bei ya anayelipa taslimu, kwa maana wakati mwingine ni ndogo kuliko bei ya bima. Ila ukilipa taslimu nje ya bima, pesa hiyo kwa kawaida haihesabiwi kwenye kile kiasi chako cha mwaka, basi piga hesabu kama unaelekea upasuaji.

Kuna tundu jingine hapo hapo. Bima nyingi hutaka MRI iidhinishwe kabla, na kibali mara nyingi huandikwa kwa jina la kituo. Ukihamisha kipimo, hakikisha ofisi ya daktari imebadilisha kibali, usije ukahama kutoka shimo moja ukaingia lingine. Chukua jina la uliyezungumza naye, tarehe, na namba ya mazungumzo. Kama upasuaji utafuata, uliza maswali hayo hayo tena: jengo ni la nani, mtoa usingizi ni nani, kifaa cha kufunga goti kinatoka kampuni gani.

Mengine ni ya kawaida. Eksirei huanza, na haionyeshi kano. Uvimbe hushushwa kwanza, goti linyooke na kukunjika, ndipo upasuaji upangwe, na si kila mtu anauhitaji. Ukipasuliwa, usitarajie kurudi uwanjani kabla ya miezi tisa. Fizio ndiyo tiba yenyewe: uliza bima yako inaruhusu mara ngapi kwa mwaka, usizimalize kabla ya upasuaji. Ukiumia kazini, mweleze mwajiri kwa maandishi mapema. Texas sheria inatoa siku 30, na hapa mwajiri binafsi hashurutishwi kuwa na bima ya ajali za kazini, kwa hiyo uliza leo kabla hujaumia.

Yasiyosubiri bei ni haya: mfupa umetokeza nje, mguu umepinda, wayo umekuwa baridi au umekufa ganzi, msuli wa chini ya goti umekaza kama jiwe na maumivu yanazidi, au baada ya jeraha au upasuaji pumzi inakata. Hapo nenda emajensi, bili tutahangaika nayo baadaye. Ila kaka zetu wanaoshauri kila jeraha lipelekwe emajensi "kwa sababu hawamkatai mtu" wanasema nusu. Sheria ya mwaka 1986 inawalazimu kukupima na kukuweka katika hali salama hata kama huna senti. Haisemi ni bure, na hakuna atakayekushona kano pale.

Na wazazi na mashangazi zetu wapendwa, tunawaheshimu sana. Mkisikia mtoto ana bima Amerika, msidhani kila kitu kimelipwa. Bima ya mtu mmoja iliyonunuliwa kwenye soko la bima la serikali iliweza kumwachia mgonjwa hadi dola 9,200 kwa mwaka 2025, na hiyo ni kwa huduma za ndani ya mtandao. Pia msitume mafuta ya kuchulia goti linalovuja damu ndani. Kulikanda kwa maji ya moto siku za mwanzo kunazidisha uvimbe. Na mama anayekuja kutembea na goti lake la miaka mingi ajue kwamba bima za wageni kwa kawaida hazilipii ugonjwa aliokuja nao. Atibiwe Muhimbili, kwenye taasisi ya mifupa ya MOI, kabla hajapanda ndege.

Wamarekani ninaowapenda, majirani na wenzangu kazini, wana tabia inayonisikitisha: bei ya matibabu wanaiona kama hali ya hewa, kitu kisichoulizwa. Ukiuliza gharama kaunta, wanakutazama kana kwamba umemdharau daktari. Ulizeni tu. Tangu Januari 1, 2021 hospitali zinatakiwa kuchapisha bei zake mtandaoni. Aliyekulia Kariakoo au Gikomba asione haya kuuliza bei.

Kama bili imekwisha kufika, usilipe siku hiyo na usiitupe. Omba orodha ya kila huduma na namba zake, ulinganishe na karatasi ya maelezo kutoka bima. Bima ikikataa kulipa, una siku 180 za kukata rufaa. Kama hospitali ni ya shirika lisilo la faida, sheria inaitaka iwe na mpango wa msaada kwa wenye kipato kidogo, na unaweza kuomba ndani ya siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya matibabu. Fomu hiyo mara nyingi hawakupi wenyewe. Iombe kwa jina lake, "financial assistance application", peleka hati za mshahara, na mpaka wajibu, usikubali kuliweka deni hilo kwenye kadi ya mkopo, hata ile wanayokupa hapo hapo kaunta.