Somo: Namna ya kufundisha kazi ya mikono karakanani

Habari za kazi, walimu wenzangu. Nafundisha umeme wa majumbani hapa Dodoma. Vijana wetu wakimaliza wanaingia moja kwa moja kwenye nyumba zinazojengwa Iyumbu, Nala na Mtumba, na kosa watakalofanya litafunikwa na plasta. Kwa hiyo naomba tulichukulie jambo hili kwa uzito. Mfano wangu ni kazi ndogo: kufunga taa moja na swichi yake kwenye ubao wa mazoezi.

1. Andika mwanafunzi ataweza kufanya nini. Usiandike "ataelewa saketi." Andika: "Ataunganisha taa na swichi, swichi ikate waya wa moto (unaoleta umeme), bila kuelekezwa." Mafunzo yetu yanazingatia umahiri, na sentensi hiyo ndiyo utakayoitumia siku ya kupima.

2. Onyesha mara mbili. Kwanza kimya, kwa kasi ya fundi, waione kazi nzima. Kisha taratibu, ukieleza unachofanya na sababu yake. Wasimame ubavuni kwako. Wakikutazama kwa mbele, kulia kwako ni kushoto kwao.

3. Mwanafunzi aeleze, wewe ufanye. Walimu wengi tunairuka hatua hii, na kwangu ndiyo yenye faida kuliko zote. Ubao ukiwa hauna umeme, fanya kile tu alichokuambia. Akisema "peleka nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi," ipeleke, halafu uliza darasa: kuna ubaya gani?

4. Afanye mwenyewe. Jizuie kumnyang'anya bisibisi. Mpangilio huu wa kuandaa, kuonyesha, kufanyisha na kupima una umri mrefu. Marekani iliutumia kufunza haraka mafundi wa kujenga meli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

5. Pima kazi, usipime taa. Hapa ndipo tunapodanganyika. Swichi ikikata nyutro badala ya waya wa moto, taa itawaka vizuri tu, na ukizima itazimika. Lakini holda, yaani kishikio cha balbu, inabaki na umeme. Siku mwenye nyumba anazima swichi ili abadilishe balbu, kidole kikigusa ndani, anakutana na volti 230. Kwa hiyo fungua swichi, uone ni waya gani umeingia, na mwulize mwanafunzi kingetokea nini ungeingia mwingine. Akishindwa kujibu, andika "bado," mwelekeze, kisha mpime tena siku nyingine. Taa iliyowaka isimpatie alama peke yake.

Maswali ya walimu wenzangu

*Kondoa:* Shikamoo mwalimu. Nina wanafunzi 40 na mbao nne tu. Nifanyeje?

Marahaba. Weka wawili kila ubao: mmoja anaunganisha, mwenzake anakagua kwa orodha uliyoandika. Waliobaki wachore saketi na wachune vipande vya waya, kisha wapokezane. Hata wakati wa kuonyesha, wagawe makundi urudie. 40 wakizunguka ubao mmoja, walio nyuma hawaoni kitu.

*Mpwapwa:* Mkuu, umeme ukikatika siku ya vitendo huwa naahirisha. Kuna njia nyingine?

Usiahirishe. Toa balbu, weka mita (kipima umeme) kwenye alama ya mlio, ambapo hulia njia ya waya ikiwa haijakatika. Ncha moja iguse mwanzo wa waya wa moto, nyingine kituo cha katikati cha holda: swichi ikiwashwa mita ilie, ikizimwa inyamaze. Kisha pima nyutro hadi kituo cha pili cha holda: ilie muda wote, swichi iwe imewashwa au imezimwa. Kosa nililolieleza kwenye hatua ya tano litaonekana hapo hapo, wakati taa ingelificha.

*Kongwa:* Nina mwanafunzi aliyefanya kazi mtaani miaka mingi. Anabisha kila ninachosema.

Mpe kazi kabla hujaonyesha, aifanye mbele ya wenzake na kueleza sababu. Anachokiweza kikubali waziwazi, hata VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Pengo la fundi wa namna hiyo mara nyingi liko kwenye usalama: hazimi meni swichi (swichi kuu), au anazima lakini hapimi kabla ya kugusa. Hapo usimlegezee. Msimamishe, aanze upya, maana vijana wadogo wanamwiga yeye kuliko wewe.