Karatasi za mitihani ya zamani zigeuzeni vijitabu

Walimu wenzangu, zile karatasi zilizochapwa upande mmoja msizichome. A4 moja ikikatwa vipande vinne inatoa saizi ya A6, milimita 105 kwa 148, inayoshikika vizuri mkononi. Zenye majina na alama za watoto ziwekeni kando.

Kila mwanafunzi apange vipande 40 hivi, upande safi juu, na chini kabisa aweke kipande cha boksi gumu. Kisha agonge ukingo wa juu mezani mpaka karatasi zote zilingane. Hapa ndipo wanapoharakisha (wangu wa darasa la nne hawana subira kabisa), na karatasi iliyozama ndani kidogo haiguswi na gundi, itachomoka siku hiyohiyo. Abane kwa vibanio vya nguo, apake gundi nyeupe ya mbao kwenye ukingo huo tu. Ikikauka apake mara ya pili, aache mpaka kesho yake. Gundi ya kijiti haifai, inapasuka ukikunja.

Wakitaka urembo, gandisheni utepe wa kitenge juu ya ukingo. Mabaki ya fundi cherehani yanatosha darasa zima.