Kuchora herufi za grafiti kwenye karatasi, kwa anayeanza kabisa

Wengi wakitaka kuanza grafiti, ile michoro ya maandishi ya ukutani, wanakimbilia mishale na zile rangi za kuchuruzika, matokeo yake neno halisomeki, na sio kutosomeka kwa ufundi, ni vurugu tu. Herufi ikiwa mbovu mapambo hayaiokoi. Kwahiyo tunaanza na mifupa, yaani herufi tupu yenyewe.

Vifaa ni vya kawaida tu: penseli, raba, karatasi ya A4 au manila, penseli za rangi, na maka peni nyeusi mbili, ya ncha nene na ya ncha nyembamba. Chini weka karatasi nyingine maana maka inapitiliza mpaka mezani, afu ukaanze kujieleza kwa mama.

Chagua neno fupi, herufi nne zinatosha, mfano SAFI. Andika kwa penseli, herufi kubwa, mkono mwepesi sana, na uachie nafasi katikati kwasababu zitanenepa. Sasa kila mstari uuvishe nyama pande zote mbili mpaka uwe kama kipande cha ubao, na upana uwe uleule kuanzia S mpaka I, hapa ndo wengi wanafeli, A inatoka nene F inatoka nyembamba. S inasumbua kila mtu. Ichore kwanza kwa kona kama ile 5 ya kwenye kikokotoo, ikishakaa sawa ndo uzungushe kona taratibu.

Baada ya hapo ndo staili inaingia. Angalia nafasi zilizo tupu, F kwa mfano inapwaya pale chini kulia, basi refusha mguu wake upite chini ya I, au I uilaze kidogo iegemee F. Herufi zipandiane, ya mbele inaificha ya nyuma, na mistari iliyofichwa uifute. Ukiamua zilale upande mmoja zote zilale. Mshale kama unautaka sana utoke mwishoni mwa mguu wa herufi, sio unabandikwa tu katikati.

Kona zikikuzingua nenda na herufi za kuvimba, zile ambazo mchora grafiti PHASE 2 wa Bronx, New York anatajwa kuzianzisha miaka ya mwanzo ya 70 na bado mtu akichora leo inapendeza. Hapo hakuna kona kabisa, kila kitu ni duara, na tundu la A linabaki kadogo tu.

Rangi zinaanza kabla ya mstari mweusi, tafadhali, ukianza na mweusi rangi inaukokota wino na kazi inachafuka. Hata ukutani kwa kopo la rangi mstari wa mwisho wa kuzunguka herufi unakuja baada ya kujaza. Anza na rangi nyepesi kwenda nzito, njano juu, chungwa katikati, nyekundu chini, na pale zinapokutana pitisha zote mbili ili zisikatane ghafla.

Kivuli cha kuipa herufi unene nacho kina siri moja tu, chagua upande, tuseme chini kushoto, afu kutoka kila kona shusha kamstari ka mshazari, urefu uleule mwelekeo uleule, unganisha ncha zake, jaza nyeusi. Kamoja kakienda kulia jicho linaona hata kama mtu hajui kuchora. Mwanga unakuwa upande wa pili, juu kulia, doa dogo la korekta na kamstari pembeni yake yanatosha.

Ukiwa Nairobi angalia matatu, daladala za kule, zinavyoandikwa, jina linasomeka gari likiwa linakimbia pamoja na rangi zote zile. Bandika kazi yako ukutani, rudi nyuma hatua kadhaa uisome. Isiposomeka rudi kwenye mifupa, usiongeze rangi.

Mistari ya penseli iliyobaki ifute baada ya wino kukauka kabisa, raba ikikuta maka mbichi inaisambaza na hapo hakuna cha kufanya ni karatasi mpya.