Binti wa netiboli ukimleta kwenye kikapu

Kila Novemba, usajili wa mwaka wa kwanza ukishatulia, naenda kukaa pembeni ya uwanja wa netiboli. Timu yangu ya kikapu ya wanawake haijawahi kupata mabinti watano kwa mpigo waliotoka sekondari wakiujua mchezo. Wengi wamecheza netiboli UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, na mimi mwenyewe nilikuwa GD, mlinzi wa goli, kwa hiyo naijua njia.

Wiki ya kwanza sifundishi kipya. Mchezaji wa netiboli anadaka mpira juu kwa mikono miwili, anatua, anasimama, na pasi inatoka kabla sekunde tatu hazijaisha. Wavulana kibao wa chuo hawana hiyo. Ukimwambia "sahau netiboli", ataduwaa hata kudaka kumshinde.

Kazi kubwa iko mguuni. Netiboli inamruhusu kuunyanyua mguu aliotulia, mradi mpira umtoke kabla mguu haujarudi chini. Kwenye kikapu, akitaka kuondoka kwa kudunda, mpira utoke mkononi kabla mguu wa pivoti, ule anaozungukia bila kuuhamisha, haujanyanyuka. Sasa yeye anapokea vizuri, anapiga hatua, ndipo anadunda. Filimbi! Kuna mechi tulipulizwa kosa hilo la hatua mpaka benchi likaanza kucheka, nikiwemo mimi.

Dawa yangu ni chaki. Chora duara kuuzunguka mguu wa pivoti. Magoti yakunjwe, mpira uwe kiunoni. Ukisema "weka", ausukume chini mbele ya mguu mwingine, kiatu kikiwa bado ndani ya duara. Mwenzake asimame nyuma, amefumba macho, asikilize: kwanza mdundo kwenye sementi, halafu kiatu kikikwaruza vumbi. Akisikia kiatu kwanza, wanabadilishana. Sheria inadai mpira uwe umetoka mkononi tu, lakini mimi nadai mdundo, maana kwenye mechi presha itamla hiyo nafasi ya ziada. Mara 20 kila mguu, kila jioni, wiki mbili. Wanachoka, wananung'unika, "Madam, leo tena duara?" Leo tena.

Kisha kukaba. Netiboli imemzoesha kukaa mita 0.9 kutoka kwa mwenye mpira na kuinua mikono. Kwenye kikapu, nafasi hiyo ni zawadi kwa mrushaji. Chukua kanga, ikunje katikati ya urefu wake, mkabaji ashike ncha moja na mshambuliaji nyingine, waende pembeni na mbele. Kanga ikikazika, mkabaji yuko mbali. Siku za mwanzo wanaona aibu kugusana mabega, itapita.

Kurusha sina haraka nako. Ringi ni ile ile ya mita 3.05, na mkono wake tayari unaupandisha mpira juu. Asichokijua ni ubao, kwa sababu netiboli haina. Msimamishe ubavuni mwa goli, hatua mbili, agonge kona ya juu ya kile kiboksi kilichochorwa ubaoni. Akishakiamini ndipo arudi nyuma. Ila mpira uwe namba 6, wenye mzunguko wa sentimita 72 hivi. Mwaka mmoja stoo ilikuwa na namba 7 tu, ule mkubwa wa wanaume, nikaambiwa mpira ni mpira. Vidole havikufika, wakaanza kurusha kutoka kifuani, na nilitumia muhula mzima kuirekebisha tabia hiyo.

Magoti usiyasahau: wanawake wanachana kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wanaume. Kabla ya mazoezi waruke kutoka juu ya tofali, watue kimya, magoti yaelekee vidole vya miguu, yasiingie ndani. Nikisikia kishindo, anarudia.

Wiki ya mitihani tunapiga mitupo huru dakika 20, basi, kila mtu akasome.

Mechi ya kwanza mwingize robo ya pili, dakika tatu tu, na umpe kazi moja: daka, simama, toa. Asidunde. Mwaka jana binti mmoja aliingia hivyo, mara ya nne kupokea mpira akaona njia iko wazi, akautazama mguu wake, akaweka, akaenda. Lei-apu, ule mtupo wa karibu na ringi, ilikosa. Nilisimama nikapiga makofi, na kocha wa upande wa pili akanitazama kama nimechanganyikiwa.