Kuchuja aina za pamba zinazostahimili chumvi: kazi ya vyunguni

Pamba ni ngumu kwa chumvi. Mavuno huanza kushuka ECe ya udongo inapovuka 7.7 dS/m (desisimensi kwa mita). EC ni kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, hupanda; ECe ni ile ya maji yaliyokamuliwa kwenye udongo uliolowa. Mche mchanga hauna ugumu huo, ndiyo maana mchujo huanzia kwake.

1. Mbegu. Ziwe zimeondolewa manyoya, na zote za msimu mmoja. Mbegu yenye manyoya huelea hata ikiwa nzima, kwa hiyo pepe huwezi kuzitambua kwa kuloweka. Mbegu iliyokaa ghalani huota kwa unyonge, ukaja kusingizia chumvi.

2. Vyungu. Lita 3, vyenye matundu chini, mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Udongo wa mbuga usiuguse: mfinyanzi wake hushika sodiamu, usijue mzizi umekutana na kiasi gani. Kila aina vyungu 4 vya chumvi na 4 vya maji matamu yenye virutubisho vilevile. Weka pia aina inayolimwa kwenu, mathalani UKM08, iwe kipimo.

3. Chumvi. Hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Subiri jani la kwanza halisi lifunguke. Lengo ni milimola 150, yaani gramu 8.8 za chumvi ya maabara kwa lita, lakini usiimwage yote kwa mkupuo. Anza na gramu 2.9, baada ya siku mbili 5.8, kisha 8.8. Ukiruka ngazi, miche yote hunyauka kwa mshtuko na hutaona tofauti ya aina.

Changanya kwenye maji ya virutubisho yenye kalsiamu ya kutosha. Kalsiamu ikipungua, sodiamu huharibu mizizi haraka zaidi, nawe utakuwa unapima njaa ya kalsiamu. Chumvi ya mawe ya sokoni siitaki kabisa: ina magnesiamu na takataka nyingine.

Halafu kuna jua. Maji hupaa, chumvi hubaki. Kila unapomwagilia, mimina mpaka theluthi moja ichuruzike chini, kisha pima EC ya hayo yaliyochuruzika. Ukimwagilia maji ya 16 dS/m na chini yakatoka 22, chungu hicho kina chumvi kuliko unavyoandika kwenye daftari. Mimina tena mpaka namba zikaribiane. Vyungu vya pembeni hukauka upesi zaidi, kwa hiyo vihamishe kila wiki.

4. Mizani. Baada ya wiki nne kata, kausha kwa nyuzi 70 kwa saa 48, pima. Usitazame peke yake asilimia ya uzito uliobaki ukilinganisha na vyungu vya maji matamu. Tuseme aina moja imeshuka kutoka gramu 6 hadi 3 (imebaki asilimia 50), nyingine kutoka 3 hadi 2 (imebaki asilimia 67). Ya pili inashinda kwenye karatasi, lakini ni mbilikimo tu. Zibakize zote mbili. Zinazofanana zitenganishwe kwa uwiano wa potasiamu na sodiamu kwenye jani changa: ulio juu ndio mzuri.

5. Shambani. Zilizobaki zipandwe penye chumvi halisi, kando ya ile aina ya kipimo, na safari hii pima pamba yenyewe.