Presha ya mimba: mambo ya kuzingatia kabla hujaondoka wodini

Kliniki anza mapema, usingoje tumbo lionekane. Kila ukienda, dai upimwe presha na mkojo. Ikifika 140/90 baada ya wiki ya 20, usikubali kuambiwa ni uchovu. Kama ni mimba ya kwanza, ni mapacha, au mama yako aliwahi kupata kifafa cha mimba (degedege inayoletwa na presha hii), sema mwenyewe bila kungoja kuulizwa. Uliza pia kuhusu aspirini ya dozi ndogo, maana huanzwa kabla ya wiki ya 20, usijinunulie dukani.

Ujue na chanzo. Nusu ya mtoto ni ya baba, kwa hiyo kinga ya mama lazima ipatane na mgeni huyo. Chembe za kinga zilizo kwenye mji wa mimba husaidia kupanua mishipa inayolisha kondo la nyuma. Zisipopatana, mishipa hubaki myembamba, kondo hukosa damu ya kutosha, kisha humwaga ndani ya mama vitu vinavyoumiza mishipa yake mwili mzima. Daktari Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walionyesha mwaka 2015, kwa akina mama wa Uganda, kwamba jeni za kinga zinahusika. Basi asikwambie mtu umerogwa.

Sisi tulidhani kondo likitoka, ugonjwa umetoka nalo. Mdogo wangu alijifungua salama, tukarudi naye Busia tukishangilia. Siku ya tatu akalalamika kichwa, na macho yanaona ukungu. Mimi dada yake nikampa Panadol, nikasema ni malaria. Usiku akakakamaa, akauma ulimi, povu likamtoka. Shangazi akasema mapepo. Saa nzima ikapotelea kwenye maombi. Ndipo tukampakia bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia. Kumbe ni kifafa cha mimba. Alichomwa sindano za magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege hiyo, akapona. Kulipokucha nikafungua kadi yake: siku aliyoruhusiwa presha ilikuwa 150/100. Hatukuambiwa, wala hatukuuliza.

Kwa hiyo kabla ya kutoka wodini, uliza presha ni ngapi na urudi lini kupimwa. Hatari inaweza kufika hadi wiki 6 baada ya kujifungua. Weka nauli kando, na namba ya bodaboda anayepokea simu usiku. Mama asilale peke yake. Kichwa kisichotulia, macho kufifia, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla, kupumua kwa shida: lolote kati ya hayo, mnaondoka saa hiyohiyo, hata kama mvua inanyesha.